Margarete Steiff, Mshonaji wa Giengen

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe, mtoto mdogo wa kike hakosi mwana wake wa kubeba. Mahindi yakiisha kupukuchuliwa, huchagua gunzi moja nyoofu, akalivika kipande cha kanga iliyochakaa, akalifunga mgongoni kama amwonavyo mama yake akimfunga mdogo wake, akaenda nalo kisimani. Mwingine hupata kipande cha mgomba, au fundo la matambara lililokazwa kwa uzi wa mkonge. Gunzi lile halina macho wala mikono, lakini lina jina, na jioni huimbiwa lilale. Halafu siku moja mbuzi hulitafuna, au huvunjika vipande viwili, likatupwa jaani. Na mwenye gunzi hulia machozi ya kweli, watu wazima wakamcheka.

Alikuwako mwanamke mmoja katika nchi ya Ujerumani ambaye hakucheka. Yeye alilifikiri jambo hili dogo, la mtoto na kitu chake cha kuchezea, kwa muda wa miaka karibu thelathini. Alilifanyia kazi kwa sindano na mkasi, hata vitu alivyovishona vikafika katika nyumba za watoto wa Ulaya na Marekani. Mwanamke huyo hakuweza kutembea, na mkono wake wa kuume ulikuwa dhaifu. Jina lake Margarete Steiff.

Alizaliwa tarehe 24 Julai 1847 mjini Giengen, mji mdogo kando ya mto Brenz, katika ufalme wa Württemberg, kusini ya Ujerumani. Baba yake, Friedrich Steiff, alikuwa fundi mkuu wa kujenga nyumba. Mama yake aliitwa Maria Margarete. Walikuwako dada wawili wakubwa, Marie na Pauline; na baada ya Margarete alizaliwa Fritz, mtoto wa kiume wa pekee, aliye kitinda mimba.

Margarete alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa kali. Homa ikaondoka, lakini mtoto hakuinuka tena. Miguu yake ilikuwa imepooza, na mkono wa kuume ulimwuma kila alipojaribu kuuinua. Alikuwa amefikia umri wa miaka mitatu ndipo madaktari walipowaeleza wazazi kwamba ni ugonjwa wa kupooza uwapatao watoto, yaani polio. Siku hizo hapakuwa na kinga yake popote duniani. Chanjo ya kwanza ilipatikana mwaka 1955, zaidi ya miaka mia baadaye.

Mama yake alikuwa mtu wa kazi asiyependa kukaa bure, naye alisikitika sana. Aliwaza siku ambayo yeye na mumewe watakuwa wamekufa: nani atamlisha binti huyu, nani atamwinua kitandani? Wazazi wengi wenye mtoto wa namna hii wamewaza hivyo, wa Ulaya na wa nchi nyingine zote, na wako ambao huzuni hiyo iliwafanya wamfiche mtoto ndani. Wazazi wa Margarete hawakumficha. Walimtengenezea kigari cha mti, na ndugu zake pamoja na watoto wa jirani wakamvuta ndani yake mpaka shuleni. Huko mwanamke mmoja alimbeba mikononi akampandisha ngazi hadi darasani, na saa ya kutoka akamshusha tena.

Ajabu ni kwamba mtoto huyu aliyevutwa na wenzake ndiye aliyekuwa kiongozi wao katika michezo. Alikuwa mchangamfu, mwenye maneno mengi na hadithi nyingi. Kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kukimbia, alitunga michezo ya watu wanaokaa. Mama wa jirani walipokuwa na kazi walimwachia watoto wao wachanga, naye akawaangalia akiwa katika kigari chake. Hivyo mapema sana alijifunza jambo ambalo watengenezaji wengi wa vitu vya kuchezea hawakulijua: alijua mtoto hukishikaje kitu, hukitia kinywani lini, na hukitupa kwa sababu gani.

Wazazi hawakuacha kutafuta dawa. Mwaka 1856, Margarete akiwa na umri wa miaka kenda, alipelekwa Ludwigsburg kwa daktari mmoja aliyeitwa Werner, aliyekuwa na hospitali ya watoto. Alipasuliwa mguu, akalazwa siku nyingi, kisha akapelekwa mahali pa chemchemi za maji ya moto ambapo wagonjwa walikwenda kuoga. Alirudi Giengen akiwa amepata rafiki wengi na nguvu za mwili. Miguu ilibaki kama ilivyokuwa.

Baada ya hayo aliwaambia wazazi wake kwamba ataka kwenda shule ya kushona. Baba yake hakuamini kwamba jambo hilo litawezekana, na kusema kweli hakukosa sababu. Kushona ni kazi ya mikono miwili: mmoja hushika nguo, mmoja huendesha sindano. Mkono wa kuume wa Margarete ulichoka upesi ukaanza kuuma. Mwanzoni kazi yake ilikuwa mbaya, na dada zake walilazimika kumsaidia kuimaliza. Alifumua akashona tena, akafumua tena, siku baada ya siku. Alipotimiza miaka kumi na saba alikuwa mshonaji aliyehitimu. Karibu na wakati huohuo alikata shauri moyoni kwamba hatatafuta tena dawa ya miguu. Aliona kwamba kule kungojea kupona kumemnyima raha miaka mingi, na tangu siku ile alianza kuyapanga maisha yake kama mtu ambaye hatatembea.

Dada zake walifungua kazi ya kushona nguo za wanawake, naye akafanya kazi pamoja nao. Walinunua cherehani, na watu husimulia kwamba hiyo ndiyo cherehani ya kwanza iliyoonekana katika mji wa Giengen. Hapa palitokea taabu mpya. Kila aliyetazama cherehani ya mkono amwonapo fundi barazani ajua kwamba gurudumu liko upande wa kuume. Mkono wa kuume hulizungusha, na wa kushoto huiongoza nguo. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu haikumfaa hata kidogo, na hii ya mkono nayo ilitaka nguvu za mkono uleule asiokuwa nao. Margarete aliitazama ile mashine, akaigeuza nyuma mbele. Gurudumu likaja upande wa kushoto. Tangu hapo alishona akiwa ameketi upande ambao fundi aliyeiunda hakukusudia mtu aketi, na mashine ikashona vilevile.

Dada zake waliolewa wakaondoka. Mwaka 1874 baba yake aliibadili sehemu ya nyumba yao iwe chumba cha kazi kwa ajili yake. Yule mzee aliyekuwa na shaka sasa alimjengea binti yake mahali pa kufanyia biashara! Mwaka 1877 Margarete akafungua duka lake mwenyewe la nguo za felti.

Felti yafaa ielezwe, kwa sababu bila hiyo habari hii isingetokea. Kitambaa cha kawaida, kama merikani, kimefumwa. Kina nyuzi za tande na nyuzi za mshindio, na ukikikata ukingo wake huanza kufumuka. Felti haikufumwa. Ni manyoya ya kondoo yaliyolowanishwa kwa maji ya moto, yakasuguliwa na kushindiliwa hata yakashikamana yakawa kitu kimoja. Ukiikata kwa mkasi haifumuki wala haitaki pindo. Katika Giengen kilikuwako kiwanda cha felti, na wenye kiwanda walikuwa jamaa zake. Margarete alishona sketi za ndani za felti, ambazo wanawake wa nchi za baridi walizivaa chini ya gauni, na makoti ya watoto. Kazi ilizidi, akaajiri wanawake wa kumsaidia. Kama mambo yangeishia hapo, angalikumbukwa katika mji wake kuwa mshonaji hodari, basi.

Mwezi wa Desemba mwaka 1879 aliona katika gazeti moja la mitindo ya nguo, liitwalo Modenwelt, kielelezo cha ndovu mdogo wa kitambaa. Akamkata ndovu huyo kwa vipande vya felti, akamshona, akamjaza manyoya laini ya kondoo. Nia yake ilikuwa kufanya kimto cha kuchomea sindano, kitu cha manufaa mezani pa mshonaji. Akatengeneza wachache akawapa rafiki zake kuwa zawadi.

Zawadi hizo hazikukaa mezani. Watoto wa nyumba zile waliwachukua wale ndovu, wakawavuta kwa kamba, wakalala nao kitandani, na mama zao wakabaki bila mahali pa kuchomea sindano. Mtu mwingine angaliwakemea watoto akatengeneza kimto cha umbo lisilopendeza. Margarete aliona kwamba watoto wamesema neno la kweli juu ya kazi yake kuliko alivyojua mwenyewe. Mwaka 1880 alianza kushona ndovu kwa ajili ya watoto, na mwaka huo huhesabiwa kuwa mwanzo wa kiwanda chake.

Mtu wa Handeni, ambaye pengine amekesha usiku akipiga madebe ili ndovu wasimalize mahindi yake, atashangaa kwamba katika nchi yo yote mnyama huyu alichaguliwa kumbembeleza mtoto mchanga. Lakini yule wa Giengen alikuwa na urefu wa kuweza kushikwa mkononi.

Ni lazima kufahamu vitu vya kuchezea vya zama zile vilikuwaje. Ujerumani ilisifiwa kwa kazi hiyo kabla ya Margarete kuzaliwa. Lakini wanyama walichongwa kwa mti au kufanywa kwa bati, na wanasesere wazuri walikuwa na vichwa vya kauri, vyeupe, vyenye nywele zilizochanwa. Mwanasesere wa kauri akianguka sakafuni habaki uso. Kwa hiyo katika nyumba nyingi aliwekwa juu ya kabati, mtoto akamtazama kwa mbali siku ya sikukuu. Bati lilikata vidole. Vitu laini vilikuwako, maana hakuna nchi ambayo mama hakumfungia mtoto wake fundo la matambara. Lakini vilidharauliwa kuwa vitu vya maskini, wala hapakuwa na mtu aliyevishona kwa ustadi uleule wa nguo ya kuvaa. (Hata huku, mwana hiti wa Wazigua na Wazaramo amechongwa kwa mti, ila huyo si wa kuchezea, ana mambo yake katika unyago wa wasichana, wala habari hii haimhusu.)

Ustadi huo si wa siri, na aliye na sindano aweza kuujaribu. Asomaye katika Korogwe huenda asipate felti, lakini merikani ipo, na msufi umesimama kandokando ya nyumba nyingi. Manyoya ya kondoo huitwa sufu na pamba ya msufi huitwa sufi. Majina yanakaribiana, na kazi yake katika tumbo la mwanasesere ni moja. Kwanza huchorwa mwili mzima juu ya karatasi: kichwa, mikono iliyonyoshwa, kiwiliwili na miguu, vyote kipande kimoja. Shingo isiwe nyembamba, kwa maana wanafunzi wengi hupenda shingo ya madaha, na baada ya siku tatu kichwa kikalala kifuani kama cha mgonjwa. Merikani hukunjwa mara mbili, karatasi ikawekwa juu, alama ikapigwa kwa penseli, nguo ikakatwa nje ya alama kwa kiasi cha upana wa kidole. Kwa kuwa merikani, tofauti na felti, hufumuka, nayo yataka nafasi. Kisha hupigwa bandi, ndipo ikashonwa juu ya alama kwa mishono midogo, sindano ikirudi nyuma kidogo kila hatua, ili mshono usiachie mtoto akivuta mkono. Ubavuni huachwa mlango wa vidole viwili au vitatu.

Kabla ya kugeuza, penye shingo na makwapa nguo hukatwa kidogo kwa ncha ya mkasi mpaka karibu na mshono. Asiyefanya hivyo atapata mwanasesere mwenye makunyanzi. Halafu hugeuzwa ndani nje kwa msaada wa kijiti kisicho na ncha, akajazwa sufi iliyokwisha kutolewa mbegu. Huanzwa mikononi na miguuni, kidogo kidogo, kwa kuwa mtu akitia bonge kubwa mara moja, kidole hubaki kitupu na tumbo likawa kama la chura. Akiisha kujaa, mlango hufungwa. Macho na kinywa hushonwa kwa uzi wa rangi. Vifungo na ushanga havifai kwa mtoto mchanga, maana huving'oa akavimeza. Na hapa yapasa kusema kwamba dubu wa kwanza wa Giengen walitiwa macho ya vifungo vya viatu, jambo ambalo leo lisingekubaliwa kwa mtoto wa umri huo. Mwisho wa yote sindano huhesabiwa. Ndovu wa Margarete alizaliwa kuwa kimto cha sindano, na si vizuri arudie kazi yake ya kwanza akiwa mikononi mwa mtoto.

Basi turudi Giengen. Fritz, ndugu yake mdogo, aliyekuwa amefuata kazi ya baba yao ya kujenga, aliona wale ndovu akawa na imani nao kuliko dada yake mwenyewe. Aliwatia katika gunia akawachukua mpaka mji wa jirani, Heidenheim, siku ya soko. Gunia lilirudi tupu. Kufikia mwaka 1886 hesabu ya ndovu waliouzwa ilikuwa imepita 5,000. Walifuatwa na punda, farasi, nguruwe, ngamia, na nyani. Baadaye pia wanasesere wa felti wenye umbo la watu, ambao waweza kutambulikana kwa mshono upitao katikati ya uso, toka paji mpaka kidevu. Mtu angedhani mshono mahali pale ni aibu. Lakini kwa njia hiyo pua hutokeza na mashavu hupata umbo, jambo lisilowezekana kwa kitambaa kilichonyoshwa bapa.

Fritz alimjengea dada yake nyumba mpya ya kazi na ya kukaa, naye hakusahau kutia njia ya mteremko badala ya ngazi, ili kiti cha magurudumu kipite. Mwaka 1893 kampuni iliandikwa rasmi kuwa kiwanda cha vitu vya kuchezea vya felti, kwa jina la Margarete Steiff. Wanawake wengi wa Giengen na vijiji vya kando walichukua vipande nyumbani kwao, wakashona huku wakiangalia watoto wao, wakarudisha kazi iliyokwisha wakalipwa. Margarete aliwafahamu kwa majina. Kila mnyama mpya alishonwa naye kwanza. Aliukagua kila mshono, na kitu chenye kasoro hakikuruhusiwa kutoka. Alikuwa na neno moja juu ya jambo hili ambalo watu wa kiwanda walilijua kwa moyo, na maana yake ni kwamba kitu kisicho bora kabisa hakifai kupewa mtoto. Wakati wa jioni aliwakusanya watoto wa Fritz akawasimulia hadithi. Walikuwa wengi, nao walikulia karibu na kiti cha shangazi yao.

Mmoja wao, Richard, aliingia kiwandani mwaka 1897. Alikuwa amejifunza uchoraji Stuttgart, na huko alikuwa akienda mara kwa mara mahali walipofugwa wanyama, akawachora dubu jinsi wanavyosimama na kuketi. Mwaka 1902, mwaka uleule ambao reli iliyotoka Tanga ilifika Korogwe, nchi hii ikiwa chini ya Wajerumani, Richard alitunga dubu wa kitambaa chenye manyoya marefu kama ya mbuzi, mwenye mikono na miguu iliyoweza kuzungushwa. Shangazi yake hakumpenda mara moja. Kitambaa kile kilikuwa ghali, na dubu alikuwa mkubwa. Lakini hakumkataza.

Mwaka 1903 dubu yule alipelekwa kwenye maonyesho ya Leipzig. Watu walipita bila kumtazama, hata mwisho wa maonyesho mfanyabiashara mmoja wa Marekani akaagiza dubu 3,000 kwa mara moja. Sababu ya Wamarekani kutaka dubu ni hii. Mwezi wa Novemba 1902 rais wao, Theodore Roosevelt, alikwenda kuwinda katika jimbo la Mississippi, akakataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa mtini. Mchoraji wa gazeti akalichora jambo hilo, na nchi nzima ikalizungumza. Kule New York nako mume na mke wenye duka, jina lao Michtom, walishona dubu wao wenyewe siku hizohizo, bila kujua habari za Giengen. Kwa hiyo si haki kumpa mtu mmoja sifa yote ya dubu. Jina la Teddy, ambalo dubu wa kuchezea huitwa hata leo, ni jina la Roosevelt la kufupishwa. Katika maonyesho makubwa ya St. Louis, mwaka 1904, kampuni ya Margarete iliuza dubu 12,000.

Giengen pakajengwa jumba jipya la kazi, mwaka 1903, lenye kuta za kioo na chuma kutoka chini mpaka juu, ili washonaji wapate mwanga wa kutosha. Washonaji walipoonekana nje mchana kutwa wameketi ndani ya kioo, watu wa mji waliona kichekesho, wakalifananisha jumba na tangi la kufugia samaki. Mwaka 1907 dubu 974,000 hivi walitoka Giengen. Watu 400 walifanya kazi kiwandani na 1,800 nyumbani kwao. Na aliyeyaanzisha hayo yote bado alisukumwa katika kiti chake toka chumba hadi chumba, akipapasa mishono.

Kitu kikisifiwa huigwa. Wafanyabiashara wengine walianza kuuza dubu na ndovu walioshonwa ovyo, wakisema wametoka Giengen. Ndipo Franz, mwana mwingine wa Fritz, alipobuni mwaka 1904 kutia kifungo kidogo cha chuma katika sikio la kila mnyama, ili mnunuzi asidanganywe. Mwaka 1906 Margarete, akiisha kuona kwamba wana wa ndugu yake wameiweza kazi, aliigeuza biashara kuwa kampuni yenye kuongozwa nao pamoja naye.

Katika mwezi wa Aprili mwaka 1909 Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais majuma machache tu yaliyopita, alishuka Mombasa akapanda gari la moshi kwenda bara, kuwinda simba na ndovu. Wakati alipokuwa katika safari hiyo, Margarete Steiff alishikwa na ugonjwa wa mapafu huko Giengen. Alikufa tarehe 9 Mei 1909, naye alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Wana wa Fritz waliendelea na kazi, na kiwanda kingaliko katika mji uleule kando ya mto Brenz. Vifungo vya kwanza vilivyotiwa masikioni mwa wanyama havikuwa na jina la mtu. Vilichorwa ndovu mdogo, mkonga wake umeinuka.